Ukoo wa Bibi: Mjomba anauza tochi

*Ijumaa usiku*

Mjomba Salim: Ndugu zangu na wanangu, habari za jioni. Nimeamua kuiuza ile tochi. Nimeanza na humu kabla sijaipeleka nje, maana humu kuna waliotembea nayo na wanaijua. Mwenye nia aseme.

Mjomba Salim: [picha 6]

Hamisi: Shikamoo Mjomba. Ile kubwa ya kutengenezewa?

Mjomba Salim: Marahaba. Hiyohiyo.

Tatu: Mjomba!! Kwa nini lakini?

Mama Mkubwa: Salim, umefikiri vizuri?

Mjomba Salim: Nimefikiri kwa miezi, Dada. Iko kwenye droo mwaka na zaidi sasa. Nikiitoa ni kupima betri na kuirudisha. Betri za lithiamu zinazeeka hata zikiwa zimelala, na ile mipira ya kuzuia maji ikikosa grisi inakakamaa. Inaniuma kuiona inachakaa bila kazi.

Hamisi: Basi niachie mimi, nitapata mteja leo leo. Niandike lumeni ngapi? Nimeona wengine wanaandika laki moja.

Mjomba Salim: Usiandike hivyo hata kidogo. Lumeni ni mwanga wote unaotoka, ukijumlishwa. Hii inatoa 4,000 ukiipandisha hadi juu kabisa, na baada ya dakika tatu hivi inapopata moto inajipunguza yenyewe hadi kama 1,500. Haina ubovu, imepangwa hivyo. Sehemu kubwa ya umeme unaoingia kwenye LED inageuka joto, na joto hilo halina njia nyingine isipokuwa kupita kwenye mwili wa tochi mpaka kwenye kiganja chako. Anayekuambia laki moja kwenye kitu cha kuingia mfukoni, muulize joto lake analipeleka wapi.

Hamisi: Sawa. Na umbali?

Mjomba Salim: Nilipima mwenyewe. Niliweka kipima mwanga ukutani, nikarudi nyuma mita 10, kikasoma laksi 1,600, yaani mwanga unaofika pale ukutani. Unazidisha kwa 10, halafu tena kwa 10, unapata kandela 160,000, ndiyo nguvu ya mwanga kuelekea mbele. Kipeuo cha pili cha hiyo ni 400. Zidisha kwa 2, unapata mita 800.

Hamisi: Mita 800! Hiyo inatosha kabisa kumvuta mtu.

Mjomba Salim: Andika 800, lakini andika na maana yake. Umbali huo unahesabiwa mpaka pale mwanga unapobaki robo laksi, karibu sawa na mbalamwezi ya mwezi mpevu. Kwa mwanga huo utaona kuna kitu, hutajua kama ni mtu au kisiki. Kwa macho yangu namtambua mtu mita 300, kukiwa shwari sana 400. Mnunuzi ajue hilo kabla hajatoa hela.

Baba Nuru: Shemeji, nisaidie. Mwili ni shaba au alumini? Kwenye picha ya tatu naona rangi mbili.

Mjomba Salim: Mwili ni alumini, umekerezwa kutoka kwenye kipande kimoja, hauna kiungo katikati. Hiyo rangi nyingine ni ile pete ya mbele, ya shaba. Na ndani, kibao kilichobeba LED ni shaba pia. LED imechomewa kwa risasi moja kwa moja juu ya shaba, hakuna tabaka la kuhami chini yake, ndiyo maana joto linatoka upesi. Utalisikia mkononi baada ya dakika moja tu.

Baba Nuru: Na springi?

Mjomba Salim: Zimepitishiwa waya wa shaba pembeni, umeme usipotelee kwenye springi. Fundi alinitumia picha kila hatua. Nilisubiri miezi minne.

Baba Nuru: Kazi ya mtu anayependa kazi yake.

Mjomba Salim: Sana. Sasa kasoro zake, zisomwe na wote. Pete ya mbele ina bonde dogo, iliniponyoka kwenye ngazi za zege. Kioo kina mkwaruzo mmoja kama unywele, karibu na ukingo, hauonekani kwenye mwanga inaoutoa. Swichi imebadilishwa mara moja. Ukimulika ukuta mweupe utaona duara la mwanga lina umanjano kidogo pembeni, limekuwa hivyo tangu mwanzo, ni tabia ya LED ya aina ile. Na kati ya betri tatu, moja imeanza kuchoka kuliko wenzake.

Tatu: Mjomba unauza au unafukuza wateja 😄

Mjomba Salim: Mtu ataitegemea gizani, mwanangu. Lazima ajue anachoshika.

Hamisi: Swali moja. Kwa nini hukununua tu ya dukani? Zimejaa.

Tatu: Hamisi wewe ulikuwa bwenini miaka ile.

Mama Mkubwa: Mwache aulize. Bibi yako alipoanza kusahau, Hamisi, mchana alikuwa na nafuu. Usiku ndio ulikuwa mgumu. Anaamka saa nane, saa tisa, anafungua mlango, anatoka. Ukimuuliza anasema anakwenda kwao. Mjomba wako alikuwa analala na viatu karibu na mkeka.

Mjomba Salim: Ya dukani nilikuwa nayo, Hamisi. Kila ukiiwasha inaanza na mwanga wa juu kabisa, mweupe unaoelekea ubuluu kama radi. Usiku mmoja nilimmulika nayo Mama akiwa uani. Akajifunika uso kwa mikono miwili akaanza kulia, akidhani ni watu wabaya. Ni mimi mwanawe niliyesimama pale, na hakuweza kuniona kwa sababu ya ule mwanga.

Mjomba Salim: Kesho yake nikamwandikia fundi. Nilimwomba mambo matatu. Iwe inaanza na mwanga mdogo kabisa kila inapowashwa, lumeni 5 hivi, hata kama mara ya mwisho niliizima ikiwa juu. Rangi ya mwanga isiwe ile ya ubuluu ya kelvini 6,500, iwe 4,000, yenye umanjano kidogo, ili uso wa mtu uonekane kama uso wa mtu. Na swichi iwe pana, ubavuni, niipate kwa kidole gumba hata usingizi haujanitoka. Uwezo wa kufika mbali ulikuja mwisho, ni yeye aliyeshauri. Aliniuliza, je, akishavuka shamba utamwonaje?

Hamisi: Sikujua haya yote.

Rehema: Na akavuka kweli.

Mama Mkubwa: Rehema uko macho?

Rehema: Niko kazini Mama Mkubwa, shikamoo. Shikamoo Mjomba. Nimekuwa nikisoma tu.

Mama Mkubwa: Marahaba mwanangu. Waeleze basi, wewe ulikuwepo.

Rehema: Mimi ndiye niliyeishika tochi usiku ule. Mjomba alitangulia mbele akiita, mimi nyuma na mwanga. Kulikuwa na ukungu, na nilikuwa naiinua juu usawa wa macho, nikawa naona ukuta mweupe tu mbele yangu. Mjomba akaniambia ishushe, ishike usawa wa goti. Nikaishusha, na kweli ardhi ikaonekana, nyasi zikaonekana, nikaona na alama ya ndala kwenye tope.

Rehema: Tulipofika mwisho wa shamba ukungu ukapungua, nikaipandisha hadi juu. Nikaizungusha polepole. Ng'ambo kule, chini ya mti, yakawaka macho mawili ya kijani. Miguu ikaniisha nguvu. Nikamwambia Mjomba kuna mnyama. Mjomba akasema usiyaachie, yashikilie hapohapo. Tukasogea. Alikuwa mbwa wa jirani, amejilaza, na Bibi ameketi pembeni yake na mkono juu ya mgongo wa mbwa.

Tatu: 😭😭

Rehema: Nilipokaribia nikairudisha kwenye ule mwanga mdogo na bado nikaona utamsumbua, nikaziba kioo kwa kiganja. Vidole vyangu vikawa vyekundu, mwanga unapita kwenye nyama. Bibi akaniangalia vizuri akasema, "Zima, utaamsha watu." Mjomba akambeba mgongoni mpaka nyumbani.

Mama Mkubwa: Alikuwa mwepesi sana siku zile.

Mjomba Salim: Sana, Dada.

Hamisi: Mjomba basi usiuze. Tuiweke tu.

Tatu: Naunga mkono Hamisi.

Mjomba Salim: Nawaelewa. Lakini nisikilizeni. Mimi nikiifungua ile droo nasikia mlango wa uani ukigonga. Bado naamka saa nane bila sababu. Nataka iende kwa mtu mwenye usiku wa kuimulikia, na mimi nilale.

Mama Mkubwa: Basi iuze, mdogo wangu.

*Jumamosi mchana*

Hamisi: Mjomba nimepata mtu! Anaitaka leo, halalamikii bei. Ameona video za watu wanaowasha karatasi kwa mwanga wa tochi, anataka kujaribu na rafiki zake.

Mjomba Salim: Huyo simuuzii.

Hamisi: Lakini Mjomba, hela anayo mkononi.

Mjomba Salim: Ninamwamini kuwa anayo. Hamisi, ukiiweka kifudifudi juu ya kitambaa cheusi ikiwa juu kabisa, inaunguza kitambaa. Ukimmulika mwenzako machoni kwa karibu, unaweza kumuumiza. Na mle ndani mna betri tatu zilizofuatana moja nyuma ya nyingine. Akichanganya mpya na iliyochoka, iliyochoka ndiyo itakayomalizwa kupita kiasi, na betri ya lithiamu iliyoharibiwa hivyo inaweza kupata moto ndani ya mrija uliofungwa. Mtu anayeanza na mchezo hatafika kwenye kupima volti.

Baba Nuru: Shemeji yuko sahihi. Mimi niliwahi kuuziwa betri za ukubwa uleule, 18650, zimeandikwa mAh 9,900, yaani kiasi cha chaji zinachobeba. Nzuri za kawaida zinabeba kati ya 2,500 na 3,500. Nilipozipima hazikufika hata 1,000, na moja ilivimba kwenye chaja. Namshukuru Mungu nilikuwa sebuleni.

Hamisi: Sawa Mjomba, nimeelewa. Nitamwambia imeshapata mtu.

Mjomba Salim: Mwambie ukweli tu, kwamba mwenyewe hajaridhika. Kisha njoo kwangu Jumapili ijayo, nitakufundisha kuipima.

*Jumamosi usiku*

Rehema: Mjomba, naomba niinunue mimi.

Rehema: Nimeshindwa kulala mchana nikiwaza. Tangu nianze zamu za usiku za kukagua bomba la maji natembea na tochi ya simu. Wiki iliyopita nilikuwa nimeinama kwenye shimo la valvu, simu kwenye meno, maji yanavuja na sioni yanakotokea. Nikaikumbuka tochi yako palepale, kabla hata hujaandika humu.

Mjomba Salim: Rehema. Wewe ichukue tu.

Rehema: Hapana Mjomba. Ukinipa bure nitaiogopa. Nitaifungia kabatini kama ulivyoifungia wewe. Niuzie, niitie tope.

Mama Mkubwa: Mwuzie, Salim.

Mjomba Salim: Nimekuandikia bei inboksi.

Rehema: Mjomba, hiyo ni ndogo mno.

Mjomba Salim: Ndiyo bei yake. Tusibishane mbele ya watoto.

Tatu: Mimi nasafiri Alhamisi kuelekea kwa Rehema, naweza kuibeba. Naiweka kwenye sanduku?

Mjomba Salim: Tochi yenyewe tupu unaweza kuiweka kwenye sanduku. Betri usithubutu. Betri za akiba haziruhusiwi kwenye mzigo unaokaa chini ya ndege, zinakaa na wewe kwenye begi la mkononi, ili zikileta moshi watu waone mapema. Kila moja ni wati-saa 11 hivi na kikomo cha kawaida ni 100, kwa hiyo hutasumbuliwa. Kila betri iwe kwenye kikasha chake, ncha zisigusane na funguo wala sarafu.

Tatu: Nimeelewa. Nitapita Jumatano.

Mjomba Salim: Nimezipima sasa hivi, volti 3.72, 3.71, na ile iliyochoka 3.58. Kwa hiyo hizi siziweki. Nanunua tatu mpya zilizotengenezwa siku moja, zenye namba ileile. Rehema, siku zote zikae pamoja, zichajiwe pamoja, zizeeke pamoja. Zikijaa kila moja isome 4.2, usiziache zishuke chini ya 3. Ukijua hutaitumia wiki kadhaa, ziache zikiwa nusu, usizihifadhi zikiwa zimejaa.

Rehema: Nusu. Nimeandika kwenye daftari.

Mjomba Salim: Na ukiitia kwenye begi, legeza kifuniko cha nyuma robo mzunguko. Hapo haiwaki hata swichi ikibonyezwa. Sahani ya ndani, ile inayoakisi mwanga, usiiguse kwa kidole kamwe, alama haitoki. Grisi ni ya silikoni, chembe ndogo tu kwenye mpira, upake mpaka ung'ae. Nitaitia chupa ndogo kwenye mzigo.

Baba Nuru: Ikisumbua saketi, Rehema, niite. Usimpe fundi wa njiani.

Rehema: Ahsante Baba Nuru. Ahsante sana Mjomba.

*Ijumaa usiku*

Tatu: Mzigo umefika salama. Nimemkabidhi mkononi.

Mama Mkubwa: Alhamdulillah.

Mjomba Salim: Rehema, umezipima kabla ya kuzitia?

Rehema: Nimezipima. 4.18 zote tatu.

Mjomba Salim: Vizuri sana.

Rehema: Niko kwenye bomba sasa, kilomita ya pili. Nimeiwasha, Mjomba. Imeanza na ule mwanga mdogo.