Naomba ushauri: mazoezi ya bunduki wakati wa baridi ya Makete

Ndugu wanachama, wakubwa shikamooni, na wengine habari za kazi.

Ninaishi Makete na ninahudhuria mafunzo ya jeshi la akiba. Tumefikia somo la bunduki katika mwezi huu wa Julai, ambapo baridi ya huku, kama mnavyoijua wenyeji wa Njombe na Mbeya, huacha sakitu juu ya majani hadi jua lichomoze vizuri. Kwa kuwa zoezi huanza asubuhi na mapema, nasi hulala kifudifudi kwa muda mrefu tukisubiri amri, vidole vyangu hufa ganzi kiasi kwamba sihisi nimegusa kifyatulio kwa nguvu gani, na hilo naliona ni la hatari kuliko kukosa shabaha. Pia ninavaa miwani, nayo huingia ukungu kila ninapoegemeza shavu kwenye kitako cha bunduki.

Nimejaribu glavu za sufu, lakini ni nene mno na kidole hakiingii vizuri penye kifyatulio. Miwani nimeipaka sabuni ya kipande na kuifuta, ikatulia dakika chache tu. Mkufunzi wetu ni msikivu, ila ningependa kumwendea nikiwa na pendekezo.

Je, inafaa kukata glavu sehemu ya kidole cha shahada peke yake, au ipo njia bora ya kutunza joto la mikono bila kupoteza hisia? Na ninyi wenye miwani, ukungu mnauzuiaje?