Jengo la "kijani" hapa Sekei linatumwagia tope, nani atawazuia hawa watu?

Wakuu, nimechoka, acha niseme.

Kuna saiti juu yetu hapa Sekei, Arusha. Kwenye mabati wamechora majani na kuandika "jengo rafiki wa mazingira". Ikinyesha tu, udongo wao wote unashuka kwetu. Kalvati limeziba, maji yanapita barabarani na kuingia nyumba za watu. Mama muuza mboga wa pale kona ameshahamisha genge lake. Tope linaishia Mto Themi, na huko chini kuna watu wanamwagilia bustani kwa maji hayohayo.

Foremani nilipomuuliza akanijibu, "Mzee, mvua ni ya Mungu." Na kijiko kinachochimba udongo ni cha nani? Wamekwangua mteremko mzima kwa mkupuo mmoja, wakati msingi wanachimba kona moja tu! Rundo la udongo wamelimwaga ukingoni kabisa mwa mto, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kuharibu ndani ya mita 60.

Wanajisifia LEED, ule mfumo wa Marekani wa kupima majengo ya kijani. Basi wausome. Kudhibiti mmomonyoko na tope wakati wa ujenzi ni sharti la lazima humo, wala halina pointi hata moja. Usipolitimiza hupati cheti, hata ukijaza sola paa zima.

Na kazi yenyewe ni ya sururu na koleo. Fyeka kipande unachojenga tu. Rundo lifunike turubai. Chimba mtaro upande wa juu, maji ya mlimani yasipite kwenye udongo mbichi, na chini weka shimo kubwa tope litulie kabla maji hayajatoka. Getini mwaga kokoto, tipa zisitoke na matope. Kile kitambaa cheusi cha kuzuia tope walichokigongelea kwenye miti kinaning'inia! Ncha ya chini inatakiwa kufukiwa kama sentimita 15, kikatize mteremko, la sivyo maji yanapita chini yake. Nimewaeleza, wakanitazama tu.

Mwenyekiti wa mtaa tumemwandikia, kimya. Masika ni Machi. Picha ninazo za kutosha. Wa Sekei na mnaokaa chini ya mto, nani anaungana nami tuzipeleke NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, Kanda ya Kaskazini wiki hii?