Majibu ya damu ni safi lakini vidole havikunjiki asubuhi, nifanyeje?

NuruYaAsubuhi: Wakuu, naomba ushauri, nina hofu mpaka usingizi umekata. Nikiamka vidole vya mikono yote miwili vimekaza, inapita saa nzima sijaweza kufunga kifungo. Vifundo vilivimba sana, sasa vimepungua. Nimepima: vipimo vya uvimbe mwilini, ESR 14 na CRP 3, vyote vya kawaida; na RF, kingamwili ya baridi yabisi, hasi. Nimeambiwa sina baridi yabisi. Je, damu inaweza kuficha ugonjwa?

JembeLaKale: Pole dada. Mimi jongo lilinishika dole gumba la mguu usiku wa manane, nikapimwa asidi ya yuriki palepale, ikaja ya kawaida! Nilipopoa wakarudia, iko juu. Kumbe kidole kikiwa kinawaka kiwango kinaweza kushuka. Ushahidi hasa ni kuvuta maji ya kwenye kiungo na kutafuta fuwele kwa hadubini. Acha nyama kwanza.

MamaWawili: Punguza mawazo mpenzi, omba Mungu. Siku hizi kila kuchoka ni maabara.

MpimaDamu: Nafanya kazi maabara. RF hasi haifuti baridi yabisi: katika wagonjwa kumi, wawili au watatu hawana RF. Na wapo wazima wenye RF chanya, hasa wazee, pia wenye homa ya ini aina ya C. Anti-CCP, kingamwili nyingine ya ugonjwa huu, ulipimwa? Ikija chanya, ina uzito kuliko RF. Ila umesema vifundo vimepungua. Vimepunguzwa na nini?

NuruYaAsubuhi: Anti-CCP sikupimwa. Natumia dawa za kawaida tu za maumivu.

MpimaDamu: Zitaje majina.

NuruYaAsubuhi: Prednisoloni. Shangazi ana pumu, alikuwa nazo, akanigawia. Nameza kila siku, kama miezi miwili sasa. Lakini msinishambulie, kabla yake nilikuwa sishiki hata kijiko. Kazi ningeifanyaje? Siziachi.

SinaHaraka: Hii chai. Asubuhi "dawa za kawaida", jioni prednisoloni, yaani steroidi, za miezi miwili. Halafu mtu asiyeweza kufunga kifungo ameandika uzi alfajiri bila kukosea herufi hata moja?

JembeLaKale: Hapo kwenye herufi hata mimi nimeshtuka.

NuruYaAsubuhi: Naongea, simu inaandika. Ningetunga ili nipate nini? Nimeficha kwa sababu shangazi ataonekana mbaya, na alinihurumia tu.

SinaHaraka: Aliyeleta uzi wa figo naye alilia hivihivi.

MpimaDamu: Chai au si chai, dawa hii ni ya kweli na kuna mwingine anaisoma mada hii akiwa anaimeza. Steroidi inazima uvimbe, kwa hiyo inashusha CRP na ESR. Majibu yako yanaonyesha mwili uliokwisha kutulizwa na dawa, na daktari aliyasoma bila kujua hilo. Tena vigezo vya mwaka 2010 vya kuitambua baridi yabisi vina alama 10, zinatakiwa 6. ESR na CRP kwa pamoja ni alama 1 tu. Kingamwili za RF na anti-CCP ni mpaka 3. Viungo vyenyewe vinabeba mpaka 5, na maumivu ya wiki sita au zaidi yanaongeza 1. Kwa hiyo mtu anafika 6 damu yake ikiwa safi kabisa. Mikono yako ishikwe na kukaguliwa.

NuruYaAsubuhi: Basi niache vidonge siku tatu nipime upya? Nikimweleza daktari atanifokea.

MpimaDamu: Usiache ghafla! Kwa miezi miwili tezi za adrenali, zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe, zinaweza kuwa zimelala. Ukikata mara moja unaweza kuishiwa nguvu, kutapika, presha ikashuka mpaka ukaanguka. Dozi inapunguzwa taratibu na anayekutibu. Akufokee, lakini ajue.

MamaWawili: Mwanangu, nisamehe kwa maneno ya mwanzo. Nenda.

NuruYaAsubuhi: Nimeandika dozi na siku nilizoanza kwenye karatasi. Naenda kesho, nitaomba na anti-CCP. Ila shangazi simtaji.

MpimaDamu: Usimtaje. Taja dawa.

SinaHaraka: Tunasubiri mrejesho.