Ruta zinaonana, kompyuta hazionani: Mwanjelwa na Uyole

Stoo_Uyole: Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Ofisi ipo Mwanjelwa, stoo ipo Uyole, zote Mbeya, tumeunganisha kwa redio mbili za juu ya paa. Ofisini ni 192.168.10.0/24 (anwani zote zinazoanza na 192.168.10), stoo ni 192.168.20.0/24. Kati ya ruta mbili za kampuni ya MikroTik kuna 10.0.0.1 (ofisi) na 10.0.0.2 (stoo), zote /30 (kimtandao kidogo cha anwani mbili za kutumia). Kila upande una intaneti yake. Kwenye ruta ya stoo nimeweka njia ya 192.168.10.0/24 kupitia 10.0.0.1. Nikiwa ndani ya ruta hiyo, ping (pakiti ndogo ya data inayouliza kama upo) ya 10.0.0.1 inajibu vizuri. Nikihamia kwenye kompyuta ya stoo, hata hiyo 10.0.0.1 haijibu, seva ya 192.168.10.50 ndiyo kabisa. Redio mbovu?

Kilolo77: Redio nzima mkuu, usipande paa bure. Ping ya ndani ya ruta inatoka na anwani 10.0.0.2, na ruta ya ofisi inaijua kwa sababu mtandao huo umeungwa kwake moja kwa moja. Kompyuta inatoka na 192.168.20.15, tuseme. Pakiti inafika ofisini salama. Kinachopotea ni jibu. Ruta ya ofisi inatafuta 192.168.20.x kwenye jedwali lake la njia, haioni, basi jibu inalisukuma kwenye 0.0.0.0/0, njia ya kila anwani isiyo na njia yake, yaani kwa mtoa huduma wa intaneti, na huko ndiko linakoishia. Ruta haikumbuki pakiti ilikopitia. Kwenda ni safari, kurudi ni safari nyingine. Ofisini andika:

`/ip route add dst-address=192.168.20.0/24 gateway=10.0.0.2`

Kisha jaribu ukiwa ruta ya stoo: `/ping 10.0.0.1 src-address=192.168.20.1`. Ping ya kuamini ni hii, inayotoka na anwani ya mtandao wa stoo, siyo ile ya mwanzo.

Mshale_Iringa: Au weka masquerade (ruta ifiche anwani za kompyuta nyuma ya anwani yake) upande wa stoo, yaishe.

Kilolo77: Itafanya kazi, ila seva itaona kila mtu wa stoo kama 10.0.0.2, na ofisi haitaweza kuifikia printa ya stoo mpaka ufungue bandari (port) moja moja. Njia ya kurudi ni mstari mmoja tu, ndugu yangu.

Stoo_Uyole: Lakini 0.0.0.0/0 ipo juu kabisa kwenye orodha. Haitaimeza hii mpya?

Kilolo77: Nafasi kwenye orodha haihusiki. Inayoshinda ni njia inayobana zaidi, yaani yenye anwani chache zaidi: /24 mbele ya /16, na /0 huja mwisho. Hapo hapo kwenu njia panda ya Uyole, mzigo wa Tukuyu unakata kusini hata kama malori mengi yananyoosha Makambako. Cha kuangalia ni herufi A mbele ya njia. Ikikosekana, njia hiyo haitumiki, mara nyingi kwa sababu gateway (ruta ya kupitia) haifikiki. Na tafadhali usiandike 192.168.0.0/16 pande zote mbili ili kurahisisha. Pakiti ya kwenda 192.168.30.5, ambayo haipo popote, itarushwa kutoka ruta hadi ruta mpaka TTL (idadi ya ruta inazoruhusiwa kupita) iishe. Windows huanza na 128, hivyo pakiti moja inaikanyaga redio yako mara 120 na zaidi.

Mama_Swichi: Kabla hujasema bado, kagua seva yenyewe. Gateway yake lazima iwe 192.168.10.1, ruta ya ofisi. Ikiwa wazi, seva itajibu jirani zake tu.

Stoo_Uyole: Asanteni sana. `tracert -d 192.168.10.50`, amri ya kuorodhesha hatua za njia, sasa inaonyesha 192.168.20.1, kisha 10.0.0.1, halafu nyota tupu, yaani hakuna jibu. Gateway ya seva ni sahihi.

Mama_Swichi: Basi njia zimekamilika kaka, kilichobaki ni ukuta wa moto wa Windows. Kanuni zake za ping na za mafaili, kwenye mtandao wa aina ya Private, hukubali wa mtandao ule ule tu. Fungua kila kanuni, sehemu ya Scope (anwani zinazoruhusiwa), ongeza 192.168.20.0/24. Usiuzime wote.

Stoo_Uyole: Hatua ya tatu imejibu: 192.168.10.50. Mafaili nayo yanafunguka.