Eti "Afande, zikariri sura hizi"! Kwenye mahafali ya watoto!

Wakuu, nimetoka mahafali ya kidato cha nne sasa hivi, shule ya kata huku Mbagala, hata tai sijavua. Mgeni rasmi simtaji, mnamjua: yule ambaye tumbo linaingia ukumbini, mwenyewe anafuata baada ya nusu saa. Kapewa maiki atoe nasaha, akamgeukia polisi aliyekaa meza kuu: "Afande, zikariri sura hizi, kesho utakutana nazo Panya Road." Yaani lile genge la vijana wa mapanga! Akacheka peke yake. Watoto wana maua shingoni! Mdogo wangu yuko mstari wa mbele, kapakwa poda mpaka kope!

Zikariri sura hizi! Wanawe wako ingilishi midiamu tangu chekechea, basi la njano linawafuata mlangoni. Wetu wamesoma kayumba kwa Kiswahili miaka saba, kidato cha kwanza wakakutana na Fizikia ya Kiingereza, maabara yenyewe stoo ya madawati mabovu. Matokeo ya 2012 zaidi ya nusu walipata ziro mpaka serikali ikayapanga upya. Afande angekariri wangapi? Madaftari ya kituo yangeisha!

Na skafu aliyovaa kavalishwa na watoto haohao. AFANDE, ZIKARIRI. Pilau imegoma kushuka.

Kobe Mzee: Chai hii. Pilau umekula, na nyingine umefunga kwenye mfuko.

Mama Wawili: Kwani kasema uongo? Januari 2015 nilifunga duka Tandika nikakimbia na kandambili moja kwa ajili ya haohao.

Mtoa mada: Dada, waliokukimbiza walikuwa na maua shingoni?

Mama Wawili: Sikugeuka kuangalia.

Fundi Redio: Si tuliambiwa elimu bila ada tangu 2016? Mchango wa mahafali umetoa ngapi?

Ungo: Mimi elfu thelathini, keki nimeiona kwenye picha.

Mkaa Kijiweni: Afadhali nyie. Kuna konda njia ya Gongo la Mboto anaacha denti wote kituoni, anapakia mmoja wa maonyesho. Mwanangu anafika kipindi cha tatu kila siku.

Ungo: Mwenye kofia nyekundu?

Mkaa Kijiweni: Huyohuyo!

Mama Wawili: Chenji yangu alinirushia dirishani, ikaingia mtaroni!

Mtoa mada: Wakuu, turudi kwa mgeni rasmi...

Kobe Mzee: Tulia mkuu. Hiyo daladala ya kofia nyekundu namba yake ngapi?