Mjadala: Faza Nelly wa X Plastaz ni urithi wa nani?

Kila anapotajwa marehemu Faza Nelly wa kundi la X Plastaz la Arusha, aliyeuawa kwa kuchomwa kisu mwaka 2006, wapenzi wa hip hop ya Kiswahili hugawanyika pande mbili. Upande wa kwanza unamhesabu miongoni mwa waliojenga hip hop ya kaskazini, na unasema kwamba bila yeye na wenzake Arusha isingejulikana mapema hivyo kama mji wa mashairi mazito. Upande wa pili unasema sifa hizo zimepambwa: kwamba kundi hilo lilisikika zaidi Ulaya kuliko Tanga au Mwanza, kwamba albamu yake ya mwaka 2004 ilitolewa na kampuni ya Ujerumani, Out Here Records, na kwamba jina la albamu hiyo, "Maasai Hip Hop", lilimlenga mnunuzi wa München aliyewahi kuona picha ya morani kwenye kalenda, si kijana wa Ngarenaro, mtaa wa Arusha. Naileta mada hii kwa sababu naona upande wa pili una hoja moja ya kweli ambayo upande wa kwanza huikwepa, ila unaitumia kufikia hukumu isiyo ya haki.

Hoja hiyo ya kweli inahusu jina. Ndani ya kundi alikuwamo Yamat Ole Meipuko, Mmaasai aliyeimba kwa Kimaasai, na hakuna aliyesikiliza kwa makini atakayesema kwamba aliwekwa pale kama pambo. Uimbaji wa Kimaasai hautegemei ngoma. Sauti zenyewe ndizo zinazopandana, moja ikishika mdundo wa chini kwa koo huku nyingine ikipaa juu, na ulipowekwa juu ya biti ulitoa kitu ambacho hakikuwa kikisikika katika studio za Dar es Salaam za wakati ule. Tatizo ni kwamba jina likishasema "Maasai", msikilizaji wa mbali hutega sikio kwa Meipuko peke yake, na yale mashairi ya Kiswahili ya Nelly, G-San na Ziggy yanageuka kelele za nyuma, kwa kuwa msikilizaji huyo hayaelewi. Ndiyo maana katika maelezo mengi yaliyoandikwa nje ya nchi utakuta shuka na mikuki vimeelezwa kwa marefu, lakini hukuti ubeti hata mmoja ukichambuliwa. Wimbo wao "Nini dhambi kwa mwenye dhiki" unauliza, tangu kwenye jina lake, swali ambalo mtu wa Unga Limited, mtaa mwingine wa Arusha, hahitaji kufafanuliwa, na ambalo mhubiri, hakimu na mwenye nyumba wote wangeona taabu kulijibu wakiwa wamekaa meza moja. Kundi lenye uwezo wa kuuliza hivyo lilistahili kukumbukwa kwanza kwa Kiswahili chake.

Hata hivyo, kutoka hapo hadi kusema kwamba kazi yenyewe ni ya Ulaya ni kuruka hatua nyingi. Wanaodai hivyo hutaja pia mchango wa Thomas Gesthuizen, Mholanzi anayejulikana kama Juma4, ambaye tangu mwaka 1997 aliendesha mtandao wa habari za hip hop ya Afrika na alifanya kazi kwa karibu na kundi hili. Lakini tukikubali kwamba mkono wa mgeni huhamisha umiliki wa sanaa, itatubidi tuanze kugawa upya muziki wetu wote. Mika Mwamba, mtayarishaji mashuhuri wa Bongo Fleva ya miaka ya 2000, ni raia wa Finland, na sijawahi kumsikia mtu akiziita nyimbo alizozitengeneza muziki wa Kifini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh Jabir alipata jina kwa kughani Kiswahili juu ya mapigo ya Kimarekani, nasi tunamtaja bila kusita kama mmoja wa waliofungua njia. Kwa nini basi mizani ibadilike tunapofika Arusha?

Jibu langu, ambalo najua litawaudhi baadhi ya ndugu zangu wa Dar es Salaam, ni kwamba mizani inabadilika kwa sababu tumezoea kuamini kuwa msanii ambaye redio za jijini hazikumpitisha hakuwahi kuwa wa kitaifa. Redio binafsi zilipoanza katikati ya miaka ya 1990, zile zenye nguvu zilikuwa Dar es Salaam, na studio zenye jina zilikuwa hukohuko. Msanii wa mkoani alitakiwa kupanda basi na kanda yake, akatafute mtu wa kumsikiliza, kisha asubiri. Albert Mangwea, ambaye wengi tunamfahamu kwa jina la Ngwair, alitoka Dodoma akaingia katika mfumo huo kupitia Bongo Records, studio ya mtayarishaji P-Funk, na kipaji chake cha kughani papo kwa papo kilimfikisha mbali. Alipofariki Johannesburg tarehe 28 Mei 2013 taifa zima lilitikisika, na umati uliomzika Morogoro haujasahaulika. Nelly hakupita mlango huo. Yeye na wenzake walipata mlango mwingine, uliofunguka kuelekea nje, wakautumia. Kumlaumu msanii kwa kuingia palipofunguliwa, huku tukinyamaza kuhusu mlango uliofungwa, ni jambo ambalo sijawahi kulielewa.

Isitoshe, wingi wa waombolezaji haupimi mchango. Nelly alifariki kabla mitandao ya kijamii haijaenea nchini, wakati ambapo habari ya msanii wa mkoani ilipata aya chache gazetini kisha ikapita. Lakini hip hop ya Arusha iliyofuata kusikika nchi nzima, kuanzia Nako 2 Nako na Watengwa hadi Weusi, iliwakuta Watanzania wakiwa tayari wanajua kwamba kuna namna ya kughani inayotoka chini ya Mlima Meru ambayo haiombi radhi kwa lafudhi yake wala kwa ugumu wa mada zake. Sisemi kwamba makundi hayo yalimwiga Nelly, kwa sababu kila moja lina njia yake. Ninachosema ni kwamba lipo lililotangulia.

Kuhusu kifo chenyewe, naomba tusikigeuze kuwa kiini cha mjadala. Wapo wanaopenda kurudia namna ugomvi ulivyotokea, nani alisema nini na nani alikimbia, kana kwamba hilo ndilo aliloliacha, na familia yake husoma yote hayo.

Jambo ninaloliona zito zaidi ni mahali kazi hizi zilipo. Bendi za muziki wa dansi zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, na kwa hiyo kanda zao, hata zikiwa na vumbi, zina anwani inayojulikana, kwa maana TBC, shirika la utangazaji la taifa, ndiyo iliyorithi maktaba hiyo. Kizazi cha hip hop kilirekodi katika studio binafsi, na kazi zake zimetawanyika katika kaseti, santuri na kompyuta za watu, nyingine zikiwa zimefutika kabisa. Kwa X Plastaz, kampuni ya nje ilichapa albamu rasmi, kwa hiyo angalau kitu kimoja kamili kimebaki. Wale wanaochukizwa na ukweli kwamba kumbukumbu ya Nelly ilihifadhiwa Ulaya wangepaswa kwanza kutuonyesha rafu ya hapa nyumbani ambayo ingeweza kuihifadhi.

Wapo wapenzi wanaopendekeza kwamba kila mwenye nakala aiweke tu mtandaoni ili isipotee. Nawaelewa, lakini Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na kwa kazi iliyotungwa kwa pamoja hesabu huanza pale anapofariki mtunzi wa mwisho. Maana yake ni kwamba hata alichotunga Nelly peke yake kitalindwa hadi mwaka 2056, na nyimbo za kundi zina wenyewe walio hai. Kinachowezekana bila kumdhulumu mtu ni kuomba idhini ya familia na ya wenzake, kisha kuyaandika mashairi hayo, kuyafafanulia lahaja ya mitaa ya Arusha ya miaka ile kabla wanaoijua hawajazeeka, na kuyapeleka kwa walimu wa fasihi simulizi, ambao hadi leo wanafundisha majigambo, yaani tungo za kujisifu, bila kuitaja hip hop.

Anayepinga kwamba urithi huu ni wetu, namwomba asinijibu kwa jina la albamu wala kwa anwani ya kampuni iliyoitoa. Achukue ubeti wowote wa Nelly, auweke hapa, kisha atueleze ni neno lipi ndani yake lililoandikwa kwa ajili ya Mzungu.