Ndege wa majira ya baridi Toronto: Leslie Spit, Humber Bay au kivuko cha Ward's Island?

Kitwitwi wa Tabata
Wakuu, heshima kwenu. Desemba naenda Toronto kumtembelea dada yangu anayekaa Scarborough, nitakuwepo hadi baada ya Mwaka Mpya. Nina darubini ya 8x42 na hamu ya kuwaona bata wa Aktiki wanaokaa Ziwa Ontario wakati wa baridi. Sina gari, na dada anashinda kazini siku za juma. Nimesikia sifa za Leslie Spit, Humber Bay na visiwa vya mbele ya mji. Aliyefika anipe mwanga, maana sitapata nafasi ya kuzunguka kote.

Maji Kupwa
Vitwitwi na sululu wameikimbia baridi wamejaa hapa Daraja la Salender, wewe unaifuata! Haya, safari njema.

Mama Etobicoke
Hao wa Salender wanatoka Ulaya na Asia, mdogo wangu, usimvunje moyo mwenzako. Wa huku wana njia zao.

Kitwitwi, Leslie Spit (kwenye ramani itafute kwa jina la Tommy Thompson Park) ni ulimi wa ardhi wa kilomita 5 hivi unaoingia ziwani, umejengwa kwa vifusi vya mji. Hadi leo utaona matofali na nondo ufukweni. Ni pazuri, lakini kwako wewe shida ni saa. Siku za kazi malori bado yanamwaga vifusi, watu wanaruhusiwa kuanzia saa kumi jioni, na mwishoni mwa Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja. Utaona nini? Kwa hiyo ni wikiendi tu, na siku za sikukuu angalia tovuti yao kwanza. Magari hayaingii, unatembea kwenda na kurudi upepo ukikuchapa.

Humber Bay ndiko nyumbani kwangu, kwa hiyo napendelea. Panda tramu ya kwenda Long Branch, shuka Park Lawn, dakika chache uko majini. Bata wanakaa karibu kwa sababu vighuba vimekingwa na upepo.

Lenzi Baridi
Mama kasema kweli, ila sababu kubwa hajaitaja: mwanga. Ufuko wa Toronto unatazama kusini, na wakati wa baridi jua linapita chini upande huohuo mchana kutwa. Ukisimama ufukweni kuangalia ziwa, kila bata ni kivuli cheusi. Humber Bay ina rasi zilizotokeza majini, hivyo unaweza kwenda mpaka mbele, ukageuka kutazama kaskazini, jua likabaki mgongoni. Kisiwani ni vilevile: unatazama bandari na maghorofa, rangi zote zinaonekana. Leslie Spit inabidi uchague upande. Siku ya mawingu haina tofauti, nenda popote.

Kitwitwi wa Tabata
Hili la jua sikulifikiria kabisa. Na bata wa mkia mrefu, yule dume mweupe mwenye kelele, yuko wapi zaidi?

Lenzi Baridi
Huyo hakupi shida. Anaingia hadi kwenye kuta za Queens Quay, katikati ya mji. Utamsikia kabla hujamwona, hajui kunyamaza. Anaweza kuzama hadi mita 60 kutafuta chakula, basi akipotea usihame, subiri. Ziwa lina kina kikubwa, mita 244 penye kina zaidi, ndiyo maana haligandi lote na hawa wanapata pa kukaa.

Mzee wa Kivuko
Mimi nasema kivuko. Kinaondoka chini ya Bay Street, wakati wa baridi kinakwenda Ward's Island tu, robo saa hivi umefika. Bandari ikiganda, njia ya kivuko hubaki wazi na bata husongamana hapohapo, unawaangalia ukiwa juu ya staha. Ubaya wake: kisiwani huduma nyingi zimefungwa, beba chai yako kwenye chupa.

Shamsa wa Vancouver
Mngemwambia tu aje huku. Stanley Park hakuna barafu, ni mvua tu, na bata wa baharini wapo wengi. Lakini dada yuko Toronto, basi tena.

Mama Etobicoke
Saa tano za ndege, Shamsa! Mwache.

Kitwitwi, dada akipata siku ya mapumziko, mwambie akupeleke Bluffer's Park, ni hukohuko Scarborough. Kuna bata maji wakubwa weupe, wale wanaolia kama tarumbeta. Walikuwa wametoweka Ontario tangu karne ya 19. Mwaka 1982 mwanabiolojia Harry Lumsden akaanza kuwarudisha. Baadhi wana vibao vya njano mbawani vyenye namba. Andika namba, wanaowafuatilia wanazitaka.

Kitwitwi wa Tabata
Asante sana, dada mkubwa. Na bundi mweupe je? Ingawa nyumbani nikisema nimefuata bundi watanifanyia dua.

Lenzi Baridi
Kuna miaka wanashuka hadi Leslie Spit, kuna miaka huwaoni. Ukimpata kaa mbali, na usitangaze mahali alipo, watu wa kamera watamsumbua.

Kitwitwi wa Tabata
Basi siku za juma kivuko na Humber Bay, Leslie Spit wikiendi kukiwa na mawingu. Swali la mwisho: glavu gani zinazoruhusu kuzungusha gurudumu la darubini?

Mzee wa Kivuko
Vaa nyembamba ndani, juu yake zile za gumba peke yake. Ukimaliza kurekebisha, rudisha mkono haraka. Na betri ya simu weka mfuko wa ndani, baridi inaimaliza.